Gari inagoma kuwaka: mbele ya kununua pompe ya esanse, umeme upimwe kwanza

Demarere inazunguka vizuri, batri iko na nguvu, esanse iko ndani ya rezervware, lakini motere haiwaki. Katika garaji nyingi za Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia, jibu la kwanza linalotoka ni hili: « Pompe imekufa. » Mwenye gari anatafuta pesa, ananunua pompe ya okazi, inafungwa, na gari bado inagoma. Ao inawaka siku mbili, kisha inazimika tena njiani. Mara nyingi pompe ya kwanza ilikuwa nzima. Kilichoharibika kilikuwa fizible (fyuzi), rele, waya ao masi, vitu vya bei ndogo kabisa.

Kwa shofere wa taksi, hasara ni mara mbili: pesa ya piese, na siku ambazo gari haikutembea wakati mwenye gari anangojea pesa yake ya kila jioni. Kwa familia inayosafiri, kuzimikiwa na gari saa za magharibi mbali na watu si jambo la kuchekea. Na kuna hatari ingine ambayo watu wanaisahau: kufungua rezervware ya esanse bila sababu ni kucheza na moto.

Habari hii inaeleza namna umeme unavyofika kwenye pompe, dalili zinasema nini, na vipimo ambavyo fundi anapaswa kufanya mbele ya kusema pompe inunuliwe.

Gari gani zinahusika

Gari za zamani za karbiratere zilikuwa na pompe ndogo iliyosukumwa na motere yenyewe. Hiyo haikuhitaji umeme. Gari za esanse zenye injekta, kama vile Corolla, Carina, RAV4, Noah na Ist zinazojaa katika miji yetu, ziko na pompe ya umeme iliyozama ndani ya rezervware. Pompe hiyo inasukuma esanse kwa nguvu ya karibu bar 3 mpaka kwenye injekta. Umeme ukikosekana, esanse haifiki, na motere haiwaki.

Gari za mazutu ni habari ingine. Land Cruiser yenye motere ya 1HZ, kwa mfano, iko na pompe kubwa ya injeksyo inayozungushwa na motere. Umeme kule unatumika hasa kwa kufungua na kufunga mazutu wakati wa kugeuza kontakti. Vipimo vya hapa ni vya gari za esanse.

Njia ya umeme kutoka batri mpaka pompe

Umeme unatembea kama maji ndani ya bomba. Ukikatika fasi moja, ng'ambo inakauka. Ili kutafuta mahali ulipokatika, inafaa kwanza kujua njia yenyewe.

Umeme unatoka kwenye batri, unapita kwenye fizible kubwa, kisha kwenye fizible ya injeksyo. Kwa Toyota nyingi hiyo imeandikwa EFI, na mara nyingi ni ya ampere 15 ao 20. Kutoka hapo unafika kwenye rele. Rele ni mlango: umeme mdogo unavuta sumaku, sumaku inafunga mlango, na umeme mkubwa unapita kwenda kwenye pompe. Baada ya pompe, umeme unarudi kwa njia ya masi, ni kusema waya uliofungwa kwenye chuma cha gari.

Nani anaamuru ule mlango ufungwe? Ni kompyuta ya motere. Na kompyuta haitoi amri hovyo. Inataka kwanza kujua kama motere inazunguka. Motere ikisimama, pompe nayo inasimama. Imewekwa hivyo kwa usalama: gari ikigonga na bomba la esanse likipasuka, pompe isiendelee kumwaga esanse juu ya vyuma vya moto.

Kwa hiyo kuna fasi tano za kuchunguza: fizible, rele, amri ya kompyuta, waya na plagi zake, na masi. Pompe yenyewe ni ya sita. Kwa vipimo, pompe inakuja mwisho, hata kama kwenye mdomo wa watu inakuja mbele.

Dalili zinasema nini

Gari ikizimika ghafla kama mutu aliyezima taa, na isiwake tena kabisa, fundi anafikiria kwanza fizible, rele, waya uliokatika ao kapta (sensa) ya motere.

Gari ikiwaka vizuri asubuhi, ikizimika ikipata moto, kisha ikiwaka tena baada ya nusu saa, rele ni mshukiwa mkubwa. Soda za ndani ya rele zinapasuka kidogo kidogo, na joto linaziachanisha. Rele za injeksyo za Honda za miaka ya 1990 zinajulikana sana kwa ugonjwa huu. Pompe iliyochoka nayo inaweza kufanya hivyo, ndiyo maana kipimo kinahitajika.

Gari ikikosa nguvu kwenye mupando, ikivuta vizuri kwenye tambarare, pengine pompe inapata umeme mdogo, ao filtre imeziba. Katika mji wenye milima kama Bukavu dalili hii inaonekana haraka.

Gari ikizimika ikipita kwenye mashimo, kisha ikiwaka yenyewe, kuna plagi iliyolegea. Barabara za mawe ya volkano, kama zile za Goma, zinatingisha kila kitu, na plagi ya pompe haiachwi.

Kama mshale wa esanse kwenye tablo nao unachezacheza wakati uleule gari inagoma, hiyo ni alama nzuri. Katika gari nyingi pompe na kipimo cha esanse vinatumia plagi moja, na pengine masi moja. Vyote viwili vikigonjwa pamoja, chanzo ni kimoja.

Usalama mbele ya yote

Mvuke wa esanse unawaka hata kwa baridi kali, na ni mzito kuliko hewa. Unashuka chini, unajaa shimo la garaji, unatafuta cheche. Kwa hiyo:

- Hakuna sigara, makaa, mshumaa wala soda ya umeme karibu na gari iliyofunguliwa rezervware.
- Kazi ifanyike inje ao fasi yenye hewa. Mchanga mkavu uwe karibu, na ekstentere ikipatikana ni bora zaidi.
- Mbele ya kufungua bomba la esanse, nguvu ya ndani ipunguzwe: fizible ya pompe inatolewa, motere inaachwa izunguke mpaka izimike yenyewe.
- Mbele ya kutoa pompe ndani ya rezervware, kable ya masi ya batri ifunguliwe. Hakuna waya wa kugusagusa ili kuona cheche.
- Watoto na wateja wanaongojea wasimame mbali.

Jambo zuri ni kwamba karibu vipimo vyote vinavyofuata vinafanyika bila kufungua rezervware.

Hatua ya kwanza: kusikiliza

Mutu mmoja anageuza kontakti bila kuwasha. Mwengine anaweka sikio karibu na kiti cha nyuma ao kwenye mdomo wa rezervware kifuniko kikiwa kimefungwa. Katika gari nyingi pompe inalia « zzzz » kwa karibu sekunde 2, kisha inanyamaza. Ikilia, umeme unafika, hata kama haijulikani bado kama unatosha.

Ikinyamaza, haina maana kwamba imekufa. Toyota nyingi za zamani hazilizi pompe wakati wa kontakti tu. Zinangojea demarere izunguke. Basi mwenzake aendelee kuzungusha demarere wakati mwengine anasikiliza tena.

Hapa batri ipimwe pia. Batri iliyojaa na iliyopumzika inaonyesha karibu volti 12,6. Chini ya volti 12,2 ichajiwe kwanza, kwa sababu vipimo vyote vingine vitadanganya.

Hatua ya pili: fizible

Kuangalia kwa macho haitoshi. Fizible inaweza kuonekana nzima na kumbe imepasuka kwa ndani, ao miguu yake imeota kutu. Multimetri inawekwa kwenye volti, waya mweusi kwenye masi, waya mwekundu kwenye kichwa cha fizible, upande mmoja kisha upande mwengine. Pande zote mbili zinapaswa kuonyesha volti 12. Upande mmoja ukiwa na 12 na mwengine 0, fizible imekatika.

Fizible mpya ikikatika papo hapo, kuna waya unaogusa chuma fasi fulani, ao pompe imekwama na inavuta umeme mwingi. Kuweka waya wa shaba fasi ya fizible, ao fizible ya ampere 30 fasi ya 15, si dawa. Fizible ilitengenezwa ife mbele ya waya. Ikikataliwa kufa, waya ndio utaungua, na waya huo unakwenda kwenye esanse.

Hatua ya tatu: rele

Rele ya pompe inatolewa na kubadilishwa na ingine ya namna ileile iliyo katika gari hiyohiyo, kama vile ya honi, kama namba na miguu ni sawa. Gari ikiwaka, ugonjwa umepatikana kwa dakika tano.

Wengi wanategemea ule mlio wa « tak » wa rele. Mlio huo unaonyesha kwamba sumaku inafanya kazi. Hauonyeshi kwamba mlango wa ndani unapitisha umeme. Vyuma vya mlango vikiungua, rele inalia na pompe haipati kitu.

Rele nyingi ziko na miguu minne: 30 ni umeme unaoingia, 87 ni umeme unaotoka kwenda pompe, 85 na 86 ni sumaku. Kwenye rele nyingi za Toyota namba ni 1 na 2 kwa sumaku, 3 na 5 kwa mlango. Rele ikiwa imetolewa, fundi anaunganisha matundu ya 30 na 87 kwa kipande cha waya chenye fizible ya ampere 15. Pompe ikizunguka na motere ikiwaka, jibu ni wazi: pompe ni nzima, waya wake ni mzima, ugonjwa uko kwenye rele ao kwenye amri.

Toyota nyingi za miaka ya 1990 ziko na kisanduku kidogo cha vipimo chini ya kapo. Ndani yake kuna matundu yaliyoandikwa +B na FP. Kuyaunganisha wakati kontakti imegeuzwa kunazungusha pompe bila kugusa rele.

Kipimo hiki kisigeuzwe kuwa matengenezo. Kuna gari zinazotembea miezi mingi na waya huo wa kuunganisha. Siku ya aksida, motere itasimama lakini pompe itaendelea kumwaga esanse.

Hatua ya nne: kupima umeme wakati unafanya kazi

Hapa ndipo makosa mengi yanafanyika. Fundi anachomoa plagi ya pompe, anapima, anaona volti 12, anasema: « Umeme unafika, basi pompe ndiyo imekufa. » Hapana. Plagi ikichomolewa, umeme hauna kazi. Waya uliokatika karibu wote, unaoshikilia kwa nyuzi mbili tatu, bado utaonyesha volti 12. Ni sawa na bomba lililoziba nusu: robine ikifungwa, presha inaonekana nzuri. Robine ikifunguliwa, maji yanatoka tone kwa tone.

Hesabu inaeleza vizuri. Pompe ya gari ndogo mara nyingi inavuta kati ya ampere 4 na 8. Tuseme inavuta 5. Plagi iliyoota kutu ikizuia umeme kwa omu 0,5 tu, volti 2,5 zinapotea njiani (5 mara 0,5). Pompe inabaki na volti 9,5. Itazunguka, lakini polepole, na motere itakosa nguvu kwenye mupando. Multimetri ya bei ndogo haiwezi hata kuona vizuri ile omu 0,5, lakini volti 2,5 itaziona bila shida.

Kwa hiyo plagi inabaki imefungwa, pompe inazunguka, na ncha za multimetri zinaingizwa kwa nyuma ya plagi. Vipimo ni vitatu:

1. Kati ya waya mbili za pompe: volti zinapaswa kukaribia zile za batri wakati huohuo.
2. Kati ya nguzo chanya ya batri na waya chanya wa pompe: isizidi karibu volti 0,5. Ikizidi, umeme unapotea kwenye fizible, rele, kontakti, plagi ao waya.
3. Kati ya waya wa masi wa pompe na nguzo hasi ya batri: isizidi karibu volti 0,2. Ikizidi, masi ni mbaya.

Masi inasahauliwa sana. Ni bulo moja tu iliyofungwa kwenye chuma, na maji ya mvua na udongo vinaipata. Kuifungua, kuisugua kwa papiyevere na kuifunga kwa nguvu kunaponyesha gari nyingi bila kununua kitu.

Wakati amri haitoki

Pompe inazunguka ikiunganishwa moja kwa moja, lakini haizunguki kwa demarere. Basi kompyuta haijatoa amri. Fundi anaangalia kama buji zinatoa moto. Kama moto wa buji nao hauko, pengine kapta inayohesabu mizunguko ya motere imekufa, ao rele kuu ya injeksyo haitoi umeme. Kompyuta haijui kama motere inazunguka, kwa hiyo inanyima vyote viwili.

Mshukiwa mwengine ni alarmu ya kuzuia wizi. Wanaofunga alarmu mara nyingi wanakata waya wa pompe ili gari isiibiwe. Waya zinasokotwa kwa mkono, zinafungwa skochi, na baada ya mwaka mmoja zinalegea. Mwenye gari aliyenunua okazi pengine hajui hata kama alarmu iko. Kila waya uliosokotwa chini ya tablo unastahili kuchunguzwa.

Land Rover na Ford nyingi za esanse ziko na swichi inayokata pompe wakati gari inagonga. Shimo kubwa linaweza kuifungua. Ina kitufe juu yake. Kukibonyeza kunairudisha, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna esanse inayovuja.

Wakati pompe kweli imekufa

Volti 12 zinafika plagi ikiwa imefungwa, masi ni nzuri, na pompe inanyamaza: sasa hukumu inaweza kutolewa. Kuna kipimo kimoja zaidi, kugonga polepole chini ya rezervware kwa nyundo ya mpira. Pompe ikiamka, sharbo zake za ndani zimeisha. Gari itafika nyumbani, lakini pompe inunuliwe.

Waya za pompe ya Toyota zikipimwa zenyewe zinapaswa kuonyesha kati ya omu 0,2 na 3 wakati wa baridi. Pompe iliyotolewa inje ikijaribiwa na batri, isizidi sekunde 10, batri iwe mbali na pompe, na waya ziguswe upande wa batri, si upande wa pompe, kwa sababu ya cheche.

Lakini hata hapo swali linabaki: ni nini kiliiua? Pompe inapozwa na esanse inayoizunguka. Anayetembea kila siku na litre mbili tatu, taa ya reserve ikiwaka, anaipika pompe polepole. Esanse ya bidoni ya kwa kadhafi, ikiwa na maji ao mchanga, inaziba kichujio. Pompe inavuta kwa shida, inakula ampere nyingi, inapata moto, na kuchoma fizible na plagi. Kubadilisha pompe bila kuosha rezervware na kubadilisha kichujio ni kununua ugonjwa uleule mara ya pili.

Kwa ufupi, kwa mwenye gari

Hailazimishwi kila mwenye gari awe fundi. Inatosha ajue maswali ya kuuliza mbele ya kutoa pesa. Fizible imepimwa pande zote mbili? Rele imebadilishwa na ingine ili kujaribu? Masi imesuguliwa? Alarmu imeangaliwa? Na lile la mwisho, ambalo linaonyesha kama fundi alipima ao alibahatisha: « Volti ngapi zilikuwa kwenye pompe, plagi ikiwa imefungwa? »

Fundi aliyefanya kazi yake atatoa namba. Kama namba haiko, pompe haijahukumiwa bado, na pesa ikae kwanza mfukoni.